Bidoni (madumu) mbili za maji, lupango (kiwanja) zima: nimekosea wapi?

Ndugu washauri,

Salamu kutoka Katuba, Lubumbashi. Tangu shule zifungwe mwezi wa 3 watoto wangu watatu wako nyumbani: wa miaka 11, 8 na 5. Baba yao yuko mgodini. Wafanyakazi wamezuiwa kambini kwa ajili ya Corona, anarudi mara chache. Mama mkwe anaishi nasi, na kwa umri wake sitaki kumletea ugonjwa kutoka sokoni kila siku. Basi mwezi wa 8 nikaamua kulima nyuma ya nyumba, kama mita 6 kwa 10.

Nilimwaga mifuko miwili ya mbolea ya kuku niliyopewa na jirani. Ilikuwa bado ya moto, harufu yake inachoma pua. Nikapanda lenga-lenga (mchicha) kila mahali, na miche 40 ya nyanya. Lenga-lenga iliota siku ya nne. Kufika siku ya kumi majani yalikuwa ya kahawia pembeni, kisha yakalala. Nyanya nazo, kila asubuhi nakuta tatu au nne zimeanguka, shina limekatwa sawa na udongo kama kwa mkasi. Zimebaki tisa.

Maji yanatoka usiku tu. Najaza bidoni nane za lita 20. Sita ni za nyumba, mbili za bustani. Nimekuwa nikiongeza na maji ya ile ndoo ya kunawia mikono pale mlangoni, ambayo ina javeli (dawa ya klorini).

Tena tangu jana nyuki wametua kwenye mwembe wetu, fungu kubwa kama sufuria ya bukari (ugali). Majirani wameleta tairi la kuchoma. Mama mkwe naye anataka watoto waue kinyonga aliye kwenye ua wa lupango, anasema analeta bahati mbaya. Na kuna baba mmoja hapa mtaani ananiambia niache yote, ati udongo wa mji huu una sumu ya bomba la moshi la kiwanda cha shaba.

Je, niache? Wanasema masomo yataanza tarehe 12 Oktoba, na ningependa watoto waone kitu kimeota kabla hawajarudi darasani.

Mama Furaha, Septemba 2020


JIBU

Mama Furaha, usiache. Ila kwanza lile tairi lirudi lilikotoka, leo hii.

Fungu la nyuki linaloning'inia kwenye tawi, bila masega, ni kundi lililohama na linapumzika. Huu ndio msimu wake: miti ya msitu wa miombo inatoa majani mekundu na maua, chakula kipo, makundi yanagawanyika. Wamejaza matumbo asali ya safari, na hapo tawini hawana watoto wala akiba ya kulinda, kwa hiyo wakiachwa ni wapole kuliko nyuki wa mzinga. Wachache wako nje wanatafuta tundu la kuhamia, wengine wanawasubiri. Kwa kawaida huondoka ndani ya siku moja hadi tatu. Ukiwachoma, walionusurika watashambulia kila kinachotembea kwenye lupango lako na la jirani, na nyuki wetu wa Afrika hufukuza mbali. Majirani waliokusanyika kutazama warudi kwao. Umati chini ya mwembe haufai kwa nyuki wala kwa Corona.

Weka watoto, mbuzi na kuku umbali wa mita 20. Usitwange wala kupasua kuni karibu nao. Wakati wanatafuta nyumba, ziba matundu yako: penye nafasi ya milimita 5 kati ya bati na ukuta nyuki hupita, na wakishaingia darini kuwatoa ni kazi ya siku nyingi. Udongo wa mfinyanzi au kitambaa kilichosokotwa vizuri vinatosha. Ukiona siku ya nne bado wapo, na kuna kitu cheupe kama nta kimeanza kushuka kutoka kwenye tawi, wameamua kukaa. Hapo mwite mtu anayefuga nyuki, aje jioni na mzinga wake.

Mtu akiumwa, mwiba ukwanguliwe mara moja kwa ukucha. Kila sekunde inayopita unaendelea kusukuma sumu. Wakiwa wengi, kimbia moja kwa moja hadi ndani na ufunge mlango, usisimame kuwapiga. Midomo ikivimba, pumzi ikibana, au mtoto akiwa ameumwa mara nyingi, ni hospitali sasa hivi. Woga wa Corona usikuzuie.

Tuje kwenye bustani. Ulifanya makosa matatu, na moja lingetosha kuua lenga-lenga.

Mbolea ya kuku ikiwa mbichi hutoa amonia na ina chumvi nyingi. Ile harufu iliyochoma pua yako ndiyo iliyochoma mizizi. Majani kuwa ya kahawia kuanzia pembeni, mche ukiwa bado mdogo, ndiyo alama yake. Mbolea kama hiyo ukiipata tena, irundike kivulini, changanya na majani makavu mara mbili ya wingi wake, ilowanishe hadi ukikamua kwa mkono litoke tone moja au mawili, ifunike, igeuze kila wiki. Baada ya wiki sita hadi nane itakuwa baridi, nyeusi, haina harufu kali. Itakuwa tayari wakati mvua zinashika, mwezi wa 11, na hapo ndipo utakapoihitaji.

La pili ni javeli. Maji yenye javeli huua vijidudu mikononi, na kwenye udongo hufanya kazi hiyohiyo, kisha huacha chumvi. Kwenye miche michanga usiyatie hata kikombe. Kwa kunawa nyumbani sabuni ya kawaida na maji vinatosha, mradi mtu asugue sekunde 20. Ukiacha javeli, maji hayo ya sabuni yanafaa kumwagwa kwenye shina la mgomba au mpapai, leo hapa, kesho pale. Usiyarudishe mahali pamoja kila siku, maana sabuni ina soda na udongo wa mfinyanzi ukiizoea hugandamana.

La tatu ni hesabu, na hili ndilo wengi hawalioni. Mwezi huu jua ni kali, hewa kavu, na udongo uliolimwa unahitaji karibu lita 6 hadi 7 kwa mita moja ya mraba kila siku. Lupango lako la mita 60 lingetaka bidoni 18 au zaidi. Wewe una mbili. Ulikuwa unalowesha vumbi la juu tu; mizizi ikapanda juu kufuata unyevu, kisha jua la saa saba likaikuta hapo.

Basi mpaka mvua zije, bustani yako ni mita sita za mraba. Matuta mawili, kila moja mita 1 kwa 3, kila tuta bidoni moja kwa siku: nusu alfajiri, nusu jua likizama. Mwagilia kwa mkebe uliotobolewa kwa msumari mdogo, maana kikombe huchimbua mbegu. Funika udongo kwa nyasi kavu zisizo na mbegu, unene wa vidole vitatu, lakini zisiguse mashina. Sehemu nyingine yote iache ipumzike.

Sasa yule baba wa mtaani. Ana sehemu ya ukweli, tena si ndogo. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza hapa mwaka 1911, na kwa miaka mingi moshi wake ulishusha vumbi lenye shaba, risasi (madini ya lead), kadimi, zinki, kobalti na aseniki. Pepo zetu za kiangazi hutoka zaidi kusini-mashariki, ndiyo maana ardhi ya kaskazini-magharibi ya bomba, kama kule Penga Penga, ilibaki uchi bila miti. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamepima bustani za mji na kukuta madini hayo kwenye udongo na kwenye mboga, lakini si kwa kiasi kilekile kila mahali. Kwa hiyo hatuwezi kukuambia lupango lako likoje. Tunaweza kukuonyesha jinsi ya kulima bila kulitegemea.

Jenga ukingo wa matofali wa sentimita 25 kuzunguka kila tuta. Chini tandika magunia yaliyofumwa, si karatasi ya plastiki, ili maji yapite na mizizi izuiwe. Jaza udongo ulioletwa hadi sentimita 5 chini ya ukingo, maji yasikimbie. Tuta moja litakula toroli kumi hivi za lita 60: nne za udongo wa kichuguu uliopondwa, nne za samadi ya mbuzi au ng'ombe iliyokwisha oza, mbili za mchanga. Udongo wa kichuguu una kalsiamu nyingi kuliko huu wetu mwekundu wenye uchachu, na uchachu ukipungua madini hushikwa na udongo, hayapandi kirahisi kwenye mmea. Lakini peke yake hukauka kama tofali, ndiyo sababu ya samadi na mchanga. Waulize wafyatua matofali wa nje ya mji, mbali na viwanda na mbali na barabara za malori ya madini. Mchanga uwe wa kujengea, wa rangi ya manjano. Ule mweusi unaong'aa ni taka za kiwanda. Usiingie kwenye lupango lako hata kwa kutandaza njia.

Kama huna uwezo wa toroli ishirini, jenga tuta moja. Lingine lichimbwe kwenye udongo wako, litiwe chokaa ya kilimo gramu 300 kwa kila mita ya mraba na samadi iliyooza ndoo moja, na humo usipande mboga za majani. Panda bamia, maharage, maboga ya kuliwa tunda. Majani hubeba madini zaidi kuliko tunda na punje. Na majani yoyote, hata ya sokoni, yaoshwe maji matatu, maana sehemu kubwa ya sumu ni vumbi lililokaa juu ya jani wala halijaingia ndani.

Kwa watoto hatari kubwa ni mkono unaoenda mdomoni. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto mdogo kuliko wa mtu mzima, na huyo wako wa miaka 5 ndiye wa kuangaliwa. Kucha fupi, mikono kwa sabuni kila anapotoka bustanini, na uwanja unyunyizwe maji kidogo kabla ya kufagia.

Kuna jaribio ambalo watoto wako wakubwa wawili wanaweza kulifanya kuanzia kesho. Tafuta mikebe minne inayolingana, toboa matundu matatu chini ya kila mmoja. Wa kwanza ujazwe udongo wa pale lenga-lenga ilipokufa. Wa pili udongo wa kona ambayo haikupata mbolea ya kuku. Wa tatu udongo wa kona hiyohiyo. Wa nne kichuguu na mchanga, nusu kwa nusu. Kila mkebe maharage matano, kina cha sentimita 3. Mikebe yote imwagiliwe maji safi, robo kikombe kila asubuhi; wa tatu tu upewe maji ya ndoo ya javeli. Wa miaka 11 apime urefu kwa rula kila jioni, wa miaka 8 achore. Siku ya kumi wavute miche taratibu ndani ya beseni la maji ili mizizi isikatike, waipange kwenye karatasi nyeupe.

Mzizi mzima ni mrefu, mweupe, una vinyweleo vingi kama pamba. Mkebe wa kwanza ukiwa mbaya na wa pili mzuri, mbolea ndiyo ya kushukiwa kwanza. Wa pili mzuri na wa tatu mbaya, ni javeli. Wa pili mbaya na wa nne mzuri, mizizi ya wa pili ikiwa mifupi, minene, ya kahawia, bila vinyweleo, basi shaba ni ya kushukiwa sana, na hapo usipande chochote nje ya matuta ya magunia. Yote minne ikikataa, huenda maharage yenyewe ni ya zamani. Ila fahamu: mikebe haioni risasi. Maharage yanaweza kupendeza juu ya udongo wenye risasi, kwa hiyo sheria ya kuosha inabaki hata kama mkebe wa pili umestawi.

Usingoje mikebe kwa tuta la udongo ulioletwa. Hilo panda wiki hii. Mbegu ya lenga-lenga ni kama vumbi: kijiko kimoja cha chai changanya na vijiko kumi vya mchanga mkavu, nyunyiza kwenye mistari iliyoachana sentimita 20, kina kisizidi nusu sentimita, gandamiza kwa kiganja. Chomeka vijiti vya sentimita 60 na uweke nyasi juu kama paa, uziondoe kidogo kidogo kuanzia siku ya kumi. Siku ya tatu hadi ya tano utaona mistari imekuwa myekundu kwa vichipukizi. Ng'oa vilivyobanana uache sentimita 5, na ulivyong'oa vipikwe. Ukikata sentimita 10 juu ya ardhi badala ya kung'oa, shina litatoa matawi uchume tena mara tatu au nne. Ukipanda sasa, kabla ya tarehe 12 Oktoba watoto watakuwa wamekwisha kuila na bukari.

Matembele ni rahisi zaidi: vipande vya sentimita 30, majani ya chini yaondolewe, vifundo vitatu vifukiwe, jioni. Chibwabwa (boga la majani) chimbie mashimo mawili tu, upana na kina sentimita 40, jaza udongo ulioletwa na samadi iliyooza, mbegu tatu kila shimo, bakiza miche miwili. Likichanua, mfundishe wa miaka 8 kutofautisha maua: la kike lina kiboga kidogo chini ya petali, la kiume lina bua jembamba tu. Hapo utaona kwa nini tumetetea nyuki. Wasipokuja, kile kiboga kinageuka manjano na kuanguka. Itabidi uchume ua la kiume kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi, ulisugue ndani ya la kike kwa mkono wako.

Mahindi yasubiri. Mvua ya kwanza ya Oktoba hudanganya: inanyesha usiku mmoja, mbegu zinaota, kisha jua la wiki mbili linazimaliza. Chimba kwa jembe. Udongo ukiwa na unyevu hadi sentimita 20, ndipo upande. Weka nje kopo lenye kuta zilizonyooka, watoto wapime kwa rula: kila milimita ni lita moja kwa mita ya mraba, na siku likifika milimita 7 bidoni zako zinapumzika. Jioni za mvua hizo za mwanzo inswa (kumbikumbi) watatoka. Beseni la maji chini ya taa, kisha kikaango kikavu, na mama mkwe atajua yanayofuata.

Kwake yeye, kinyonga mzungumzie kwa heshima. Hofu hiyo ni ya wazee wengi na haiondoki kwa kubishana. Kinyonga hana sumu. Mweleze kwamba siku nzima anakula nzi na panzi, na muombe watoto wasimguse tu. Asiyeguswa hamsumbui mtu.

Maji uliyoyaweka akiba yafunike kwa kitambaa kilichofungwa kwa mpira, maana mbu hutoka kwenye maji wazi ndani ya siku saba hadi kumi. Na mtoto akipata homa mwaka huu, wengi wanafikiria Corona na kumficha nyumbani. Apimwe malaria siku hiyohiyo.

Zimebaki nyanya. Anayekata ni kiwavi wa udongoni, wa kijivu, mnene kama kalamu ya risasi. Hukata usiku, mchana amejikunja palepale. Alfajiri ukikuta mche umeanguka, fukua kwa kidole duara la sentimita 10 kulizunguka shina, kina sentimita 5. Utamkuta, mpe kuku. Miche tisa iliyobaki ivalishe pete: kata chupa ya plastiki vipande vya sentimita 8, chomeka kila kimoja sentimita 3 ardhini kulizunguka shina. Ihamishie karibu na ukuta, chini ya ukingo wa bati, ambako mvua haitalowesha majani, kwa sababu nyanya zilizolowa majani Desemba na Januari huoza kwa baka jeusi hata kwa mkulima hodari. Usinunue miche mingine sasa. Mbegu zilizobaki zikunje kwenye karatasi, ziweke kwenye chupa yenye kifuniko pamoja na vijiko viwili vya majivu makavu ya mbabula (jiko la makaa), zikae mahali pa baridi hadi mwisho wa Februari. Kitalu chake utakianza hapo, mvua zikielekea ukingoni.